Mahali Imepatikana

Shuleni, Mbale
7 Februari 1954

Kwako Baba Mdogo Kirunda,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Masese, na Baba na Mama huko Walukuba pia. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha uliyofundishwa kuisoma jeshini, na pia kwa sababu Mwalimu Eucabeth anasema hujaijua lugha mpaka umeandika barua kwa lugha hiyo.

Nina maombi mawili. La kwanza ni la Baba. Chuo cha walimu kinafungua darasa jipya mwezi wa Juni, na shule yetu imepewa mahali pawili tu. Mwalimu ameniandika wa kwanza. Fomu imo humu ndani ya bahasha. Naomba umsomee Baba yote, kisha aweke kidole gumba chini, penye mstari. Ifike hapa kabla ya tarehe 31 Machi. Baba Mdogo, msomee siku ambayo ameshiba.

La pili ni lako. Kila anayeombewa mahali lazima apeleke daftari la elimu ya viumbe. Mimi nimechagua kuandika jinsi wanyama wanavyotafutana na kuoana. Mama wa bweni alisema hayo si mambo ya msichana. Mwalimu akamjibu, "Kuku wanafanya uani mbele ya kila mtu. Sasa kuandika ndiyo aibu?" Mama wa bweni akaondoka na ufagio wake.

Nimeanza na kwera, wale ndege wa manjano walio kwenye mti nyuma ya jiko letu. Dume hufuma nyumba ya majani peke yake, kisha hujining'iniza chini yake akipiga mbawa na kuita. Jike huja, huingia, huvuta unyasi mmoja kwa mdomo kuona kama umekaza. Asiporidhika huruka zake. Yuko dume mmoja aliyekataliwa mara nne. Kila mara alibomoa nyumba yake mwenyewe, unyasi kwa unyasi, akaanza upya. Nilimhurumia, lakini nilimwandika.

Wewe unakaa mwaloni, mitumbwi inapotua, kutwa nzima na mizani yako ya samaki. Tafadhali nitazamie ndege na samaki wa ziwani. Andika unachokiona tu, usiongeze.

Mwanao,
Nulu


Masese
21 Feblua 1954

Mwanangu Nulu,

Waaleikum salaam. Balua yako nimepata. Habali ya hapa ni mzuli, hakuna taabu. Kazi uliyonipa nimefanya kama amli ya afande.

Ndege ya kwanza ni ile nyeupe na nyeusi inasimama hewani halafu inaanguka majini kama jiwe. Bwana alishika samaki kidogo, mukene. Hakumeza. Aligeuza samaki, kichwa mbele, akapeleka kwa bibi juu ya nguzo. Bibi aliangalia upande ingine. Bwana akasimama na samaki yake mdomoni kama mtu amebisha hodi na nyumba haiitiki.

Ndege ya pili ni ile ya vidole vilefu, inatembea juu ya majani ya maji. Hapo ndiyo nimeona ajabu. Bibi ni mkubwa, mabwana ni wadogo, na anao watatu. Anataga kwa huyu, anaondoka, anaenda kwa mwingine. Bwana ndiye analalia mayai. Nilisema hiyo kwa sauti mbele ya wanaume wa mwalo. Odero mvuvi akasema, "Usiandike hiyo, afande. Mke wangu anajua kusoma."

Odero mwenyewe amenipa habali ya ngege, ile samaki pana ya ziwa. Anasema dume anachimba sahani chini ya ziwa, anafagia mpaka mchanga unang'aa, na jike anapita juu kuangalia. Akipenda anataga, halafu anaweka mayai mdomoni mwake na hakuli kitu siku nyingi mpaka watoto watoke. Nikamuuliza umeonaje chini ya maji. Anasema mvuvi ambaye hajui nyumba ya samaki ni mwizi tu anayebahatisha. Andika au acha, shauli yako.

Fomu nilisoma yote. Kaka yangu aliweka juu ya kabati, anasema atafikili. Kuna mgeni kutoka Mbale amekuja kwake mala mbili, mtu wa heshima, ana koti. Aliuliza habali ya masomo yako, umefika dalasa gani, kama unajua hesabu. Kaka akaniita nilete balua yako. Mgeni akaangalia mwandiko, akasema mwandiko ni safi.

Mimi baba yako mdogo,
Kirunda


Shuleni, Mbale
7 Machi 1954

Baba Mdogo mpendwa,

Mwalimu alinisimamisha niisome barua yako mbele ya darasa. Usikasirike, ulipoandika l nami nikajua ni r, niliisoma r. Nimezoea sasa. Darasa zima lilicheka kwa maneno ya Odero, na Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Ndege wa vidole virefu amechukua kurasa tatu za daftari langu.

Nimeongeza wengine. Konokono, kila mmoja ni mume na mke kwa wakati mmoja, na wakikutana hakuna anayemposa mwenzake, wote wawili wanaposana. Vunjajungu jike humla mumewe wakati mwingine. Tulimfungia mmoja na dume kwenye chupa, lakini alikataa kula yeyote mbele yetu. Na hondohondo jike hukaa ndani ya shimo la mti, mlango umezibwa kwa udongo, dume humlisha kwa kitundu. Nilikuwa nimeandika kwamba dume ndiye humfungia. Mwalimu akanirudisha nikatazame tena. Tulikwenda na Namono hadi chini ya mlima tukatazama siku tatu. Baba Mdogo, jike ndiye anayeziba, kutoka ndani, kwa mdomo wake mwenyewe. Namono alisema, "Kumbe ana komeo." Namono ni rafiki yangu. Yeye ni wa tatu katika orodha, na pawili ni pawili, kwa hiyo hatuzungumzi sana habari za chuo.

Sasa nina maswali kuhusu yule ndege wa nguzo. Mwalimu anasema jina lake ni mdiria. Je, jike humkataa dume mara ngapi? Na akiupokea ule mukene, anaula nani? Nataka kujua kama unaliwa na jike mwenyewe.

Nimefurahi sana kusikia habari za mgeni. Mtu anayeuliza darasa na kutazama mwandiko lazima awe mtu wa mambo ya elimu. Sikujua kwamba wanamtembelea mzazi nyumbani. Tafadhali mkumbushe Baba fomu.

Mwanao,
Nulu


Masese
24 Machi 1954

Mwanangu Nulu,

Nimeangalia siku tano. Jike alikataa mala mbili, mala ya tatu alipokea. Alikula mwenyewe, yote, mpaka mkia. Dume alisimama kando bila kitu. Odero anasema, "Hakuna mjomba hapo, hakuna baba mkubwa, hakuna mtu wa kugawana kichwa." Niliona ni kweli nikaandika.

Sasa sikia jambo kubwa. Mahali imepatikana. Ilikubaliwa siku ya Ijumaa mbele ya wazee. Kaka yangu amepokea kwa mikono miwili. Hakuna msichana wa Walukuba alipata mahali kama hii, watu wote wanasema. Na si mbali, ni huko huko Mbale, utaona lafiki zako. Mama yako alilia. Kaka anasema ile fomu sasa haina kazi.

Wazee wanataka neno lako, kwa mkono wako, kwamba umekubali. Andika upesi. Shule ikifunga uje nyumbani moja kwa moja.

Nimefulahi sana. Wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na mimi nikiwa na buti za jeshi.

Baba yako mdogo,
Kirunda


Shuleni, Mbale
29 Machi 1954

Kwa Baba yangu mpendwa Nasuru, kwa mkono wa Baba Mdogo,

Sijui nianzeje. Nimeisoma barua yenu nikiwa nimesimama kisimani na ndoo ikajaa ikamwagika miguuni.

Napakubali mahali mliponitafutia, kwa moyo wangu wote. Nitapatunza na kupaheshimu, wala sitawatia aibu siku hata moja. Mwambieni yule bwana mgeni kwamba namshukuru, na kwamba sitamfanya ajute kuniamini. Mama asilie.

Baba Mdogo, haya ni yako. Nilikimbia kwa Mwalimu nikamwambia nimepata mahali pengine hapa hapa Mbale. Akauliza, "Chuo gani?" Nikasema sijui, ila wazee wameshakubali na fomu haihitajiki. Akauliza kama nina hakika, maana orodha ilikuwa inaondoka na basi la asubuhi. Nikasema baba yangu mdogo haandiki asichokiona. Nikamwomba ampe Namono pale pangu, kwa sababu si haki mtu mmoja kukalia mahali pawili. Mwalimu akafuta jina langu akaandika la Namono. Namono alipiga magoti pale pale ofisini, nami nikamwinua.

Mwanao mwenye furaha,
Nulu


Walukuba
8 Aplili 1954

Mwanangu Nulu,

Balua yako imeleta heshima nyumbani. Shehe alisema ndoa haifungwi bila neno la binti, nikasimama mbele ya watu wote, nikasoma. Palikuwa na neno napakubali na neno nitapatunza. Nikajua hiyo ni Kiswahili ya shule, watu hawatafahamu. Nikasoma namkubali, nitamtunza. Wazee wakasema mashallah. Bwana Faraj, yule mgeni, aliinamisha kichwa. Alisema tangu azaliwe hajaandikiwa maneno kama hayo.

Ni mtu mpole. Ana duka ya nguo hapo Mbale kalibu na soko. Mke wake alikufa mwaka juzi. Alitaka mke anayejua kuandika. Mahali yote imefika, ng'ombe wametembea kwa miguu kutoka kwa ndugu zake, na chelehani mpya kwa mama yako. Ng'ombe kaka amewapeleka kijijini kwa kaka yako mkubwa, naye aoe.

Ndoa ni talehe 1 Mei, kabla ya Lamadhani.

Baba yako mdogo,
Kirunda


Shuleni, Mbale
12 Aprili 1954

Baba Mdogo,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nitaandika polepole ili nisikosee.

Neno la ng'ombe na cherehani ni mahari. Neno la chuo ni mahali. Ni maneno mawili. Wewe uliandika lile la pili. Mimi nilikuwa nimeomba lile la pili, kwa hiyo nililisoma kama lilivyo. Ungeandika "mahali pamepatikana" au "mahari imepatikana" ningeelewa, lakini nyumbani kwetu kila kitu huwa imepatikana, hata mimi husema hivyo nikiwa nyumbani. Katika barua zako niligeuza kila l iliyotaka kugeuzwa, isipokuwa moja. Hata jina langu kwa Kiswahili ni Nuru. Mwalimu aliniambia hivyo siku ya kwanza, na hakuna aliyeona haja ya kulisahihisha.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyefundishwa.

Nilimwendea Mwalimu. Orodha imeshafika chuoni na majina yamepigwa mhuri. Alisema njia iliyobaki ni Namono mwenyewe aandike kwamba anaacha. Nilikwenda bwenini. Namono alikuwa ameketi kitandani akishona jina lake kwa uzi mwekundu kwenye pembe ya shuka. Aliniuliza kama N yake imenyooka. Nikasema imenyooka.

Tafadhali mwambie Baba. Mwambie nilikubali chuo, sikumkubali mtu. Sina neno baya juu ya Bwana Faraj, simjui. Mwambie Shehe pia, yeye anajua maana ya herufi.

Mwanao,
Nulu


Masese
18 Aplili 1954

Mwanangu Nulu,

Balua yako nilisoma nyuma ya ghala ya samaki. Kisha nikasema maneno hayo mawili kwa sauti, moja halafu ingine, pole pole. Odero alikuwa anatengeneza nyavu. Akaniuliza, "Afande, kwa nini unasema neno moja mala mbili?" Mdomo wangu hautoi mawili. Nimejalibu toka asubuhi.

Kaka yangu nimemwambia. Alimaliza chai yake. Akasema, "Helufi moja haiwezi kuludisha ng'ombe." Nikasema mtoto alikubali shule. Akasema watu hamsini wamesikia amekubali mume, na wewe ndiye ulisoma.

Nilikwenda kwa Shehe. Yeye ni mtu wa haki. Alisema kukubali kwa makosa si kukubali. Alisema siku ya ndoa atakuuliza mwenyewe, mala tatu, mbele ya mashahidi, na ukisema hapana hatafunga. Kwa hiyo njia ipo. Sema hapana, mwanangu. Neno moja tu. Mimi nitakuwa mlangoni, utaniona.

Hakuna jambo ingine. Mimi niko salama.

Baba yako mdogo,
Kirunda


Mbale, kwa Bwana Faraj
9 Mei 1954

Baba Mdogo Kirunda,

Asalaam aleikum na heri ya Ramadhani. Tumeanza kufunga salama. Duka liko mbele, sisi tunakaa nyuma, na kutoka uani kengele ya shule inasikika vizuri. Nimeizoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani ya jirani.

Uliondoka Walukuba siku ile ile bila kuniaga, ndiyo maana naandika. Nataka ujue ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Niliitunga ndani ya basi, tangu Tororo hadi Iganga. Ilikuwa fupi na upatanisho wake ulikuwa sahihi. Lakini usiku wa kuamkia ndoa Mama alinipaka hina, na alipomaliza mkono wa kulia akaniambia jambo ambalo wewe hukuniandikia. Kwamba ukoo wa Bwana Faraj umeshaulizana ni maneno gani uliyoyabadilisha katika barua. Kwamba nikisema hapana, itakuwa Kirunda alisimama mbele ya Shehe akasoma uongo ili ng'ombe waje. Kwamba Baba ameapa, ikiwa hivyo, hutalala tena nyumbani kwake wala hutaitwa ndugu yake. Mama akasema, "Mimi sikukatazi. Nakwambia tu." Kisha akaomba mkono wa kushoto.

Uliandika kwamba uko salama.

Shehe aliuliza kwa upole. Aliuliza mara ya kwanza, nikasikia watoto wakicheza nje. Mara ya pili akaniambia, "Binti yangu, usiogope mtu aliye hapa." Mara ya tatu alisubiri sana, mpaka bibi mmoja akakohoa. Ndipo akasema kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake, na wote wakasema amina. Katika daftari langu lote, Baba Mdogo, kuanzia kwera hadi konokono, sikupata jike hata mmoja anayekubali kwa kunyamaza. Asiyetaka huondoka. Nilitaka kumwambia Shehe hilo, lakini lingekuwa neno, na neno lolote lingekufikia wewe.

Bwana Faraj hana ubaya. Anazungumza kwa sauti ya chini, na ananipa vikaratasi vya bei nivibandike kwenye majora ya nguo. Mwalimu Eucabeth alikuja kununua kitenge ambacho hakukihitaji. Daftari langu amelipeleka chuoni hivyo hivyo, bila fomu. Amesema wako wanaoanza wakiwa wameshaolewa, si wengi. Nilimwambia Bwana Faraj. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Alisema tufunge kwanza mwezi wa Mungu, tutazungumza baada ya Idi. Nahesabu siku, ingawa sijui nahesabia nini.

Nilikuona mlangoni. Ulikuwa umevaa kanzu ya Baba, fupi kwako. Kila Shehe alipouliza ulifungua mdomo kidogo, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Nikakutazama, nikafikiri sasa atasema yeye, yeye ni mtu mzima, atasema, "Nilikosea kuisoma barua," na mimi sitahitaji kusema kitu. Nawe ulikuwa unanitazama hivyo hivyo. Tulisubiriana mpaka ikaisha.

Wako yule yule,
Nulu